Bunduki ndani ya nyumba tupu: hukumu ya Iowa na mashimo ya mashamba yetu

Mimi sikusoma sheria, nilisoma agronomi. Lakini kuna hukumu moja ya mbali ambayo imenigusa kabisa.

Mwaka jana wakulima ninaofanya nao kazi waliniuliza: "Agronomu, wezi wanamaliza mihogo yetu usiku. Tuchimbe shimo, tusimamishe miti ya ncha ndani?" Nikanyamaza. Kimya yangu wakaichukua kuwa ndiyo. Wakachimba. Bahati tu, mvua ilibomoa lile shimo mbele ya mtu kuanguka mo.

Hukumu yenyewe inaitwa Katko dhidi ya Briney, ya mahakama ya juu ya jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1971. Kule kila jimbo lina mahakama yake ya juu, na ikishasema maana ya sheria ya jimbo, lazima tribinali za chini zifuate.

Bwana na bibi mmoja walikuwa na nyumba ya shambani isiyokaliwa. Miaka 10 watu walikuwa wanaivunja. Wakapigilia mbao madirishani, wakaweka vibao vya kukataza watu. Bure. Juni 1967 wakafunga bunduki kwenye kitanda cha chuma, na waya kutoka mlangoni mpaka kwenye kifyatulio. Mwezi uliofuata mtu akaingia kutafuta chupa za zamani, risasi ikamvunja mguu.

Kwa upande wa jinai, mwizi alikubali kosa: faini ya dola 50 na siku 60 za gereza ambazo hakuzikaa. Kwa upande wa sivili, akashinda: dola 20,000 za fidia, na 10,000 juu yake za kumwadhibu mwenye nyumba.

"Mwizi analipwa?" Najua wengi mutauliza hivyo. Na mimi niliuliza. Lakini njo hapo uzuri wa hukumu hii: inatenganisha mambo mawili ambayo hasira inachanganya. Deni la mwizi kwa serikali ni moja, deni la mwenye nyumba kwa ule mguu ni lingine. Halafu inatoa kipimo ambacho hata mtu asiyesoma anakielewa: kile usichoruhusiwa kumfanyia mtu ukiwa pale mwenyewe, usikiachie mtego ukufanyie. Maisha ya mtu yako juu ya mali, isipokuwa kama anayeingia anahatarisha maisha ya watu.

Hata hivyo ina upungufu. Zile dola 10,000 za adhabu mahakama haikuzichunguza, juu walioshitakiwa hawakuleta hoja hiyo kwenye tribinali ya chini. Jaji mmoja aliyepinga aliona si haki mhalifu atajirishwe, na mimi naona swali lake lilistahili jibu. Tena, yule aliyevunjiwa miaka 10 hakuambiwa afanye nini. Vibao alikuwa ameshaweka.

Turudi kwetu. Kifungu cha 258 cha Kode Sivili yetu, Kitabu cha 3, ni cha tangu 1888: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airudishe. Sentensi moja tu. Haisemi chochote kama aliyeumia alikuwa mwizi wa mihogo. Mwenye kuifungua sentensi kama hiyo ni jaji. Katiba ya 2006 imetupa Cour de cassation, lakini maamuzi yake yanafika kwa maavoka, hayafiki shambani. Mkulima anaamua peke yake, usiku, akiwa na hasira. Ama anamuuliza agronomu.

Nimerudi kwa wale wakulima. Shimo tumelifukia, sasa tunalinda kwa zamu. Inachosha, na mihogo bado inapungua kidogo. Nyinyi muliosoma sheria, chukueni hata hukumu moja kwa mwezi, mutuandikie kwa Swahili ya kawaida. Mimi nitaisoma mbele ya wakulima.