Mtoto si Nyasi: Kuisoma Rosa Mistika huko Omugo

Katika masomo ya fasihi, wanafunzi wanaosoma Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi huulizwa mara nyingi nani alaumiwe kwa kifo cha Rosa. Wengi humtaja Zakaria, baba mlevi na mkali. Wengine humlaumu Rosa mwenyewe. Katika makala haya mafupi tunashikilia kuwa swali hilo ni finyu. Linaruka jambo la msingi: mtoto hufanya nini wazazi wake wanapogombana?

Methali husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Ni kweli, lakini nyasi hazina hiari, na Rosa si nyasi. Kule Namagondo, Ukerewe, kifungua mimba huyu anashuhudia mama yake, Regina, akiteswa. Anajifunza kunyamaza na kutii. Barua ya Charles inapomponza akapigwa na baba, anajifunza pia kuwaogopa wanaume. Ukimya huo ni ngao yake. Kwa maoni yetu, anapofika shule ya Rosary tatizo si tabia mbaya tu: ngao ya nyumbani haimfai ugenini, na hana mtu mzima wa kumpa nyingine.

Hata hivyo, riwaya ina upungufu. Msimulizi humfuata zaidi Rosa, ilhali wadogo zake wameyaona magomvi yale yale. Katika nyumba moja mmoja huchukua upande wa mama, mwingine hukawia kisimani ili asirudi mapema.

Suala hili lina uzito Omugo, katika makazi ya Rhino Camp, West Nile, yaliyopanuliwa mwaka 2017 kuwapokea wakimbizi wa Sudan Kusini. Mwaka 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Chakula kikipungua, ugomvi wa nyumbani hauhitaji pombe ili uzuke.

Mwalimu akiuliza huko "nani alaumiwe?", huenda akamlazimisha mtoto kumshitaki mzazi wake mbele ya darasa. Akiuliza Rosa alijikinga vipi, na kinga hiyo ilimwangusha wapi, mwanafunzi atajibu juu ya Rosa huku akijipima kimoyomoyo. Tunawashauri walimu wenzetu waanze na swali hili la pili. Lawama zije baadaye.