Kuuliza Hadi Sababu Ionekane

Kabla ya swali la kwanza, binti mtafiti anajaribu kinasa sauti chake. Anasema maneno machache, anayasikiliza, anakiondoa penye upepo, kisha anakiweka juu ya kigoda, karibu na mzee kuliko na yeye mwenyewe. Kurasa za daftari lake amezigawa kwa mstari wa wima. Kushoto ataandika atakayoyasikia, kulia maswali yatakayotokana nayo. Tuko Mumias, chini ya mwembe wa mzee mmoja wa jamii ya Wanga, na miwa inaanzia nyuma tu ya jikoni. "Mulembe, kuka," anasalimu binti, akimwita babu. Mzee anaitikia, na salamu zinapita kwa watoto, kwa mvua, kwa bei ya miwa. Binti hazikatishi, maana anasikiliza namna mzee anavyopanga maneno, apate kujua atamuulizaje.

Kazi hii ya kuwahoji wazee kifalsafa ina mwasisi wake. Henry Odera Oruka alizaliwa mwaka 1944 huko Ugenya, ujirani wa Mumias, akasomea falsafa Uppsala nchini Uswidi, na mwaka 1970 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Wakati huo wasomi wengi walishikilia kuwa Mwafrika wa kijijini ana mila za pamoja tu, hana fikra za mtu binafsi anayepima sababu. Oruka hakutosheka na kuwabishia kwa makala. Alikwenda vijijini na kinasa sauti, akaketi na wazee, baadhi yao wasiojua kusoma, akawauliza kuhusu Mungu, kifo, haki na uhuru. Matunda ya mazungumzo hayo aliyatoa katika kitabu mwaka 1990.

Hatua ya kwanza ni kuacha mila iseme. Binti anauliza kuhusu uongozi, na mzee anaanza na Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, boma lake la Elureko, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, kisha Waingereza waliomtambua kuwa chifu mkuu mwaka 1909, hadi kifo chake mwaka 1949. Anasimulia kwa mpangilio, bila kurudia neno. Oruka alimheshimu mtu wa namna hii, anayeijua vyema hekima ya watu wake. Lakini alitaka kujua kama yupo, ndani ya mtu huyo, mwingine anayeweza kuitazama hekima hiyo na kuipima.

Ndipo inapokuja hatua ya pili, ambayo ndiyo roho ya ufundi huu. "Hayo ndiyo yasemwayo na Wawanga," anasema binti. "Na wewe, kuka, unaonaje?"

Mzee ananyamaza. Binti hasogei, hamsaidii kwa jibu, hapekui daftari. Mwanafunzi asiye na subira angeuliza swali jingine hapo, na fikra iliyokuwa inajikusanya ingetawanyika.

"Kiongozi huzaliwa," mzee anasema hatimaye.

"Na akizaliwa bila busara?"

"Wazee watamzunguka."

"Na asipowasikiliza?"

Mzee anakung'uta fimbo yake ardhini. "Basi huyo amekalia kiti tu. Haongozi."

"Ni nani mwenye haki ya kumwondoa?"

Kimya cha safari hii ni kirefu zaidi. "Anaowaumiza," anajibu. "Kiti alipewa kwa ajili yao. Kama hawana haki ya kumwondoa, basi hawakuwa na haki ya kumtii pia. Walikuwa wanamwogopa tu."

Binti anaandika upande wa kushoto, taratibu, bila kuonyesha furaha. Jibu hilo mzee hakulirithi. Amelijenga sasa hivi, hatua kwa hatua, na kila hatua ina sababu yake. Mwanafalsafa John Locke wa Uingereza aliandika wazo linalokaribia hilo katika karne ya 17, na Rousseau akaandika mwaka 1762 kuhusu mkataba ambao watu hufanya wao kwa wao. Mzee hajawasoma; maswali ya binti ndiyo yaliyolitoa jibu lake. Socrates alijiita mkunga wa mawazo, na Oruka aliushika mfano huo: mkunga hazai, ila bila mikono yake mtoto anaweza kupotea.

Hatua ya tatu ni ya usiku, ya vipokea sauti masikioni. Binti anasikiliza sentensi, anasimamisha, anarudisha, anaandika. Kwanza Kiwanga, neno kwa neno, kisha tafsiri. Mzee alipositasita, anaandika kwamba alisita. Hampambi. Siku nyingine atarudi kumsomea yote, naye mzee atarekebisha palipokosewa, maana mawazo haya ni mali yake.

Jibu la mzee kuhusu kumwondoa kiongozi linagusa mapinduzi. Ufundi huu una uhusiano gani nayo? Oruka aliutumia pia kwa mwanasiasa. Aliketi na Jaramogi Oginga Odinga, akamuuliza hadi misingi ya imani zake ikaonekana, na kitabu kikatoka mwaka 1992. Odinga alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1967, kwamba uhuru bado haujafika. Agosti 1991 aliunda vuguvugu la upinzani la FORD pamoja na wengine, wakiwemo Masinde Muliro na Martin Shikuku wa Butere, jirani kabisa na hapa. Desemba mwaka huo kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee tangu 1982, kikafutwa. Walioshinda siku hizo walikuwa na ujasiri, na walikuwa pia na sababu walizoweza kuzieleza.

Baadaye tume ya kurekebisha katiba iliyoongozwa na Yash Pal Ghai ilizunguka nchini, ikafika hata majimboni, ikisikiliza raia wakisema wanataka kutawaliwaje. Njia ilikuwa ndefu, na rasimu moja ilikataliwa katika kura ya maoni ya mwaka 2005. Lakini Katiba ya mwaka 2010 inaanza kwa kutamka kuwa mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya. Wazo la wanafalsafa limekuwa sheria, na mzee wa Mumias angeweza kulitetea bila kukisoma kifungu chenyewe.

Mapinduzi yasiyo na watu kama yeye hubadilisha anayekaa kitini tu. Yanayodumu huhitaji raia wengi waliowahi kuulizwa "kwa nini" na kupewa muda wa kujibu. Binti anajua kazi yake haijaisha. Upande wa kulia wa daftari ameandika swali la ziara ijayo: wananchi wenyewe wakikosea, ni nani atakayewarudisha njiani?