Lukasa Mikononi mwa Watoto

Miongoni mwa vitu vya Waluba wa kusini-mashariki ya Kongo, kimoja kimewapendeza mno waandishi wa masomo ya watoto, nacho ni lukasa, yaani ule ubao wa kukumbukia mambo ya kale. Maonyesho ya New York ya mwaka 1996, kazi ya Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, yaliwajulisha wengi habari zake; na leo wako walimu Marekani wawapao watoto karatasi nene, gundi, shanga na vifungo, wakawaambia watengeneze lukasa zao. Hatuyadharau mafunzo ya mikono, kwa kuwa mtoto hushika kwa vidole asichokishika kwa masikio. Lakini jinsi yanavyofundishwa twaona yana kosa, tena si dogo.

Lukasa hushikwa kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kuume hupita polepole juu ya shanga na simbi, msimulizi akinena au akiimba. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo yaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga waweza kuwa safari. Twasema "yaweza" kwa makusudi. Shanga ile ile, mbele ya watu wengine na kwa shauri jingine, yaweza kutaja jambo jingine. Wenye ujuzi huo walikuwa watu wazima wa chama cha Mbudye, waliofunzwa daraja kwa daraja. Mwenye kusali rozari ajua jinsi kidole kinavyouamsha moyo, ila yeye amewekewa maneno, na msimulizi wa Kiluba huyatafuta.

Sasa tulitazame somo. Katika darasa moja tulilolihudhuria, watoto waligawiwa karatasi ya maana: shanga nyekundu ni hiki, ya buluu ni kile, simbi ni kile kingine. Wakabandika kwa bidii, kazi zikatundikwa ukutani, kengele ikalia. Hakuna aliyeambiwa asimulie neno lo lote; hata jina la Kalala Ilunga halikutajwa! Karatasi ile iliigeuza lukasa kuwa alfabeti, jambo ambalo sivyo ilivyo kabisa, kisha alfabeti yenyewe haikusomwa.

Yafaa hadithi itangulie gundi. Mwalimu asimulie habari za Nkongolo, mtawala mkali; za Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni aliyekuja na adabu ya kutokula hadharani; na za mwanawe Kalala Ilunga, aliyeitwa kucheza juu ya shimo lililofichwa, akaokolewa na onyo la mpiga ngoma. Ndipo mtoto aamue mwenyewe: shimo liwe wapi? Ngoma iwe shanga gani? Kisha afumbe macho, asimulie kwa kidole, na baada ya juma moja asimulie tena. Akibadili maneno asikemewe. Majina yabaki ya Kiluba, hata katika Katanga ambako somo laweza kuelezwa kwa Kiswahili.

Hatusemi watoto wapewe mambo ya siri ya Mbudye. Hayo yana wenyewe, wala hayakuwa ya watoto hata zamani. Kazi ya mtoto iitwe mfano wa lukasa, naye apewe ruhusa ya kutia humo njia za jamaa yake, baada ya kuwauliza babu na bibi.

Katika darasa lile lile, mtoto mmoja alikuwa amebandika kifungo cheusi pembeni kabisa mwa karatasi yake. Alipoulizwa, akajibu kwamba hapo ndipo kijijini kwa bibi yake, mbali, na kwamba njia ya kufika huko ameisahau kidogo. Mwalimu akaitazama karatasi ya maana, asikione kifungo cheusi, akamwambia akibandue.