Kitabu Hakipewi Juma

Lilikuwapo somo la kauli ya kutendwa kwa wageni wanaojifunza Kiswahili. Mwanafunzi alipewa "Mwalimu alimpa Juma kitabu", akaigeuza: "Kitabu kilipewa Juma na mwalimu." Mwalimu wa darasa akaitikia, akatia alama ya vema, akasonga mbele. Hapo ndipo somo lilipoharibika.

Kutoa hukubali kitu kitangulie: kitabu kilitolewa. Kupa hakukubali. Tazameni "alimpa": ile -m- ni ya Juma, yambwa tendewa. Nani husema "alikipa Juma kitabu"? Basi kitenzi kikitendwa, anayekuwa kiima ni Juma: "Juma alipewa kitabu." Hata ukitaka kuanza na kitabu, utasema "Kitabu alipewa Juma", na ile a- haibanduki. Mwanafunzi alikosea kiambishi kimoja tu. Angesahihishwa palepale, angepata ufunguo wa kupikia, kununulia, kuandikia na wenzao wote wa kauli ya kutendea. Mgeni alipikiwa wali. Wali haukupikiwa mgeni. Badala yake ameondoka akiamini kuwa nomino yoyote inayofuata kitenzi inaweza kuhamia mbele, na atalibeba kosa hilo hadi kwenye insha zake.

Nunua–nunuliwa, toa–tolewa, jibu–jibiwa: hayo mwalimu aliyafundisha vizuri.

Nimeshaandika mara nyingi kwamba tunafundisha umbo na kuacha tabia ya kitenzi. "Tia -w- kabla ya irabu ya mwisho", kisha zoezi, basi. Ashton, katika Swahili Grammar ya 1944, alitenga kutendwa na kutendeka. Kutendeka hakumtaji mtenda. Kikombe kimevunjika, kwisha. Akitajwa mtoto, kimevunjwa. Leo "kikombe kimevunjika na mtoto" hupita darasani bila kuguswa, na vitabu vipya vyenye picha za rangi havisemi lolote.

Kufa nako hakukuguswa kabisa katika somo lile. Hakuna yambwa pale, lakini aliyepotelewa na mzazi husema "nimefiwa na baba", na waliogongewa hodi usiku husema "tumejiwa na wageni". Hiyo ndiyo sehemu ya kauli ya kutendwa ambayo mgeni hawezi kuibuni mwenyewe. Lazima aoneshwe.

Walimu wenzangu, kabla ya kutia alama ya vema, mwulizeni mwanafunzi kiambishi cha yambwa ni cha nani. Asipojua, msisonge mbele.