Yai Linalojitoa Kalibuni

Fundi wa chokoleti halibandui yai la Pasaka kwenye kalibu. Hulingoja lijitoe. Ndiyo maana, katika vitamu vyote vinavyopangwa madirishani Juma Kuu huko Paris, Turin au Brussels, mimi hulitazama zaidi yai tupu lisilo na pambo. Sungura ana masikio na utepe shingoni wa kumpendezesha, na keki ina krimu ya kuifichia aibu. Yai halina pa kujificha. Ni ganda la milimita chache tu, laini pande zote, na fundi akikosea nyuzi mbili za joto, kosa lake litasomwa na kila apitaye dirishani.

Mwenye kuleta taabu hii ni siagi ya kakao. Mafuta haya yanapopoa huweza kuganda kwa mipangilio sita tofauti ya fuwele, na kati ya hiyo sita ni mmoja tu unaofaa, ule ambao wataalamu wameupa namba tano. Huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi za Selsiasi, chini kidogo ya joto la mwili, kwa hiyo chokoleti huvunjika kwa mlio mkavu vidoleni na kulainika mara inapofika ulimini. Fuwele za namba tano hubanana sana zinapojipanga, na chokoleti hunywea. Inanywea kidogo mno, jicho haliwezi kupima, lakini yatosha kuliachanisha ganda na ukuta wa kalibu. Mipangilio mingine hainywei vya kutosha. Yai hung'ang'ania ndani, na likitolewa kwa nguvu hutoka limepauka au vipande vipande.

Kuzipata fuwele hizo ndiyo kazi yenyewe. Chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi nyuzi 45 au zaidi, mpaka isibaki fuwele hata moja ya zamani. Kisha fundi humwaga sehemu kubwa juu ya meza ya marumaru na kuanza kuitandaza kwa mwiko bapa, anaikusanya, anaitandaza tena, huku marumaru ikinyonya joto. Ikifika nyuzi 27 au 28 na kuanza kuwa nzito, huizoa upesi na kuirudisha kwenye ile iliyobaki ya moto, mchanganyiko upande hadi 31 au 32. Katika nyuzi hizo chache za kupanda, fuwele dhaifu huyeyuka na zile imara husalia kuzielekeza nyingine zijipange vipi. Ya maziwa huishia nyuzi moja au mbili chini ya hapo. Leo karakana nyingi zina mashine na vipimajoto vya kazi hiyo, lakini bado wapo mafundi wanaogusisha tone kwenye mdomo wa chini: wakihisi ubaridi kidogo, wanajua wamefika.

Halafu ni kalibu. Hufutwa kwa pamba hadi ing'ae, kwa kuwa chokoleti hunakili uso inaoulalia, na alama ya kidole iliyoachwa ndani ya kalibu itaonekana juu ya yai. Tabaka la kwanza hupakwa kwa brashi ili mapovu yasibaki. Baada ya hapo kalibu hujazwa, hutikiswa, hupinduliwa chokoleti iliyozidi idondoke, na ukingo hukwanguliwa. Fundi makini hurudia tabaka la pili, kisha huacha kalibu mahali pa baridi. Kinachofuata nadhani ndicho kizuri kuliko vyote, hasa kalibu ikiwa ya plastiki angavu: mwanzoni chokoleti huonekana imelowana na kushikamana na ukuta, polepole huanza kuingia ukungu wa kijivu, kiraka hapa, kiraka pale, hadi uso wote ubadilike. Hewa imepita katikati. Pindua kalibu, gonga kidogo, na nusu ya yai inadondoka mkononi iking'aa. Nusu mbili huunganishwa kwa kugusisha kingo zake kwenye sinia ya moto kwa kitambo kifupi na kuzibana, mikono ikiwa ndani ya glavu za pamba.

Huko Italia, kabla ya nusu hizo kubanwa, huwekwa zawadi ndani, na mteja wa karakana ndogo anaweza kuleta ya kwake, hata pete ya uchumba. Ufaransa wana hadithi nyingine. Kengele za kanisa hunyamaza tangu Alhamisi Kuu, na watoto huambiwa zimeruka kwenda Roma. Zikirudi Pasaka hudondosha mayai bustanini. Yai lenyewe ni la zamani kuliko chokoleti. Kanisa la Ulaya ya kale lilikataza kula mayai wakati wa Kwaresima, lakini kuku hawakufunga, kwa hiyo sikukuu ilipofika vikapu vilikuwa vimejaa.

Kuligeuza yai hilo kuwa chokoleti kulingoja mashine. Mwaka 1828 huko Amsterdam familia ya Van Houten ilipata hataza ya kukamua siagi kutoka kwenye kakao iliyosagwa. Siagi hiyo iliyokamuliwa, ikiongezwa kwenye kakao nyingine, iliwapa watu chokoleti inayomiminika badala ya ujiuji mzito. Kampuni ya Fry ya Bristol ilisubu kipande cha chokoleti cha kutafuna mwaka 1847, na mwaka 1873 ikatoa yai lenye uwazi ndani. Cadbury walifuata mwaka 1875 kwa mayai meusi, laini, yaliyojazwa peremende. Baadaye ukaja kutoka Ujerumani mtindo wa kuchora juu ya yai mikunjo kama ya ngozi ya mamba. Watu waliupenda, na mafundi waliupenda zaidi, maana mikunjo ilificha dosari ndogo za ganda. Mayai mengi ya dukani yangali yamevaa ngozi hiyo.

Silidharau yai la dukani. Kiwandani chokoleti kidogo iliyopimwa huingizwa kwenye kalibu ya nusu mbili zilizofungwa, na kalibu huzungushwa kila upande huku ikipoa, hata ganda litandae sawasawa bila mkono wa mtu. Kulifanya hivyo mara elfu nyingi kwa siku bila joto kuteleza ni ustadi wa namna yake. Ninalolikataa ni yai ambalo siagi ya kakao imeondolewa ikawekwa mafuta ya mboga. Halihitaji kupozwa kwa ustadi wowote, halivunjiki kwa mlio, na huacha utando wa nta mdomoni. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, mafuta mengine yakizidi asilimia 5 haliruhusiwi hata kuitwa chokoleti. Kwetu inabidi msomaji ageuze boksi asome mwenyewe.

Wa nyumbani asiye na marumaru ana njia yake. Akate chokoleti vipande vidogo, ayeyushe theluthi mbili kwenye bakuli lililo juu ya sufuria ya maji ya moto, aondoe motoni, kisha akoroge ile theluthi iliyobaki kidogo kidogo. Vipande hivyo vilitoka dukani vikiwa na fuwele sahihi tayari, navyo huziambukiza nyenzake. Tone la maji lisiingie, maana chokoleti itashikana iwe kama udongo. Ajaribu kwa ncha ya kisu: ikikauka baada ya dakika chache ikiwa na mng'ao, ajaze kalibu.

Ila achague mahali. Dar es Salaam mwezi Aprili, joto la chumba lisilo na kiyoyozi linaweza kulingana na lile ambalo chokoleti ya maziwa hufanyiwa kazi ikiwa bado majimaji. Sasa itaganda lini? Jokofu nalo lina unyevu, na unyevu huyeyusha sukari ya juu na kuacha vumbi jeupe. Lushoto, Njombe au Limuru ni afadhali sana. Na hili huniuma kidogo, kwani kakao yenyewe inapenda joto: hulimwa Kyela, Bonde la Kilombero, Bundibugyo, Beni, ambako mbegu huchachushwa kwa siku kadhaa, zikigeuzwa kwa zamu, kisha kuanikwa. Bila uchachushaji huo ladha ya chokoleti haizaliwi, na hakuna marumaru itakayoirudisha.

Ukipewa yai Pasaka hii, livunje kwanza uangalie upande wa ndani. Nje hung'arishwa na kalibu. Ndani ni mkono wa fundi peke yake. Tazama kama ganda ni nene sawa toka ubavuni hadi kwenye ncha, kwa sababu wavivu huacha ncha nyembamba na chokoleti yote ikalundikana ukingoni. Likiwa limekosewa, usilitupe. Tofauti na kuoka mkate, hapa kila kosa huyeyuka: rudisha vipande kwenye bakuli, pandisha hadi nyuzi 45, anza upya.