Kilima Hiki Kinaitwaje? Uhakiki wa Ziara ya Kikundi Kidogo nchini Ayalandi

Katika Acallam na Senórach, utungo mrefu wa Kiayalandi ulioandikwa karibu na mwaka 1200, wazee wachache waliosalia wa kikosi cha shujaa Finn mac Cumaill wanakutana na Mtakatifu Patrick. Caílte, mmoja wa wazee hao, anafuatana naye nchini. Kila wafikapo penye kilima, kisima au kivuko, Patrick anauliza: mahali hapa panaitwaje, na kwa nini? Caílte anajibu kwa kisa, mwandishi Brogán anakinakili, kisha msafara unaendelea. Ukiutazama kwa muundo wake, utungo huo ni ziara ya kikundi kidogo. Una njia na vituo, una msimulizi anayeijua ardhi kwa miguu yake, na una msikilizaji aliyekuja kutoka ng'ambo.

Naanzia hapo kwa sababu ziara za namna hii, ambazo leo huwachukua wageni kwa siku kadhaa kutoka Dublin hadi pwani ya Atlantiki, huhukumiwa kama bidhaa tu. Watu hueleza kitanda kilivyokuwa, chakula kilivyokuwa, gari lilivyochelewa. Hayo yana nafasi yake, lakini hayagusi kile mgeni alichokifuata hasa. Mgeni alifuata masimulizi, na masimulizi yana fani: yana msuko, fanani, hadhira, taharuki na ukimya. Msimamo wangu ni kwamba fani hii hufaulu pale swali linapotoka kwa msikilizaji, na hudhoofika kila jibu linapotangulia swali. Thamani ya kikundi kidogo iko hapo, na starehe ya viti ni jambo la pili.

Tuanze na fanani. Katika basi dogo la abiria 12 au 16, mara nyingi dereva ndiye kiongozi, na hali hiyo inaathiri usimulizi mzima. Msimulizi wa jukwaani huwatazama watu wake usoni. Huyu amewapa kisogo, na macho yao hukutana kwenye kioo cha juu tu. Anachokitazama yeye ndicho wanachokitazama wao: barabara, ukuta wa mawe, kondoo aliyegoma kupisha njia. Kwa hiyo sauti yake haiwashukii kutoka juu. Inatoka mbele yao, upande uleule wanakoelekea wote. Kasi ya maneno nayo hufuata kasi ya magurudumu. Penye kona nyembamba sentensi hukatwa, gari hupishana na trekta, kisha sentensi huokotwa ilipoachwa. Mikato hiyo hailetwi na ufundi, lakini ina faida ya kisanaa, kwani humpa msikilizaji muda wa kutazama kabla ya kuelezwa. Kiongozi stadi huiacha ifanye kazi. Kiongozi mwoga huliona kila pengo kuwa aibu, akaliziba kwa mzaha au muziki, na swali lililokuwa linajitunga kichwani mwa abiria hufa kabla ya kutamkwa.

Ziara nyingi za aina hii pia huwabadilisha abiria viti kila siku. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya haki, ili asiwepo mtu wa kudumu kiti cha mbele, lakini unagusa mtazamo pia. Aliyekaa jana upande wa bahari leo anakaa upande wa mlima, na mezani jioni watu husimuliana nchi ambayo kila mmoja ameiona kwa dirisha lake. Hadhira ya watu 50 haiwezi kufanya hivyo, hubaki hadhira. Ya watu 12 huanza kuwa kundi la wasimulizi.

Msuko wenyewe hauwezi kufuata kalenda. Kitabu cha historia huanza na wakulima wa kwanza na kumalizia na leo, lakini barabara haina uhuru huo. Katika siku moja huko Burren, mkoani Clare, mgeni husimama mbele ya Poulnabrone, kaburi la mawe lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000 lililo juu ya mwamba mtupu wa chokaa. Baadaye yuko kwenye magofu ya abasia ya Corcomroe ya karne ya 13, kisha anateremka Corkscrew Hill, barabara inayotajwa kuwa kazi ya msaada ya miaka ya njaa katika karne ya 19. Katika riwaya tungesema mwandishi ametumia mbinu rejeshi. Hapa hakuna aliyerudi nyuma, kwa kuwa karne zote zimo mahali pamoja. Kazi ya msimulizi ni kuzitofautisha bila kuzifunga kila moja kwenye sanduku lake, na huo ni ufundi mgumu kuliko wa kukariri tarehe.

Hata mpangilio wa vituo huamuliwa na upana wa lami. Katika barabara ya mzunguko wa Kerry, inayozunguka rasi, mabasi makubwa hupita Killorglin kwanza na kwenda kinyume cha mzunguko wa saa, yasikutane uso kwa uso penye kona. Wageni wengi mno, basi, huisoma rasi ile kwa mfuatano mmoja, na kila kilele cha kisa huwajia upande uleule. Gari dogo linaweza kuuacha mfuatano huo, likaingia njia za pembeni ambamo basi kubwa haliwezi kugeuka, likafika mahali kabla ya umati au baada yake. Hapo udogo unageuka uhuru wa msuko.

Kituo kinachoionyesha fani hii ikiwa imekomaa ni Newgrange, kaburi la bonde la mto Boyne lililojengwa karibu na mwaka 3200 KK, karne kadhaa kabla ya piramidi kubwa ya Giza. Huliendei moja kwa moja. Kuna kituo cha wageni upande wa pili wa mto, kuna daraja la miguu, kuna basi la pale pale, kisha kungoja mlangoni. Sababu ni uhifadhi, lakini kimsuko huo ni ucheleweshaji, na unajenga taharuki. Mwishowe watu wachache huingia, wakiinama na kupita kiubavu katika ujia wa mita 19 hadi chumba cha ndani. Picha haziruhusiwi humo. Kiongozi wa mahali pale huzima taa, na giza linakuwa zito. Halafu taa nyingine huwashwa taratibu, kuiga mwanga wa jua ambao, asubuhi za siku fupi kabisa za Desemba, huingia kwa takriban dakika 17 kupitia tundu lililo juu ya mlango. Mwanaakiolojia Michael J. O'Kelly aliushuhudia mwanga huo mwaka 1967 akiwa ndani.

Je, taa ya umeme si ulaghai? Sioni hivyo. Kiongozi husema mapema kwamba kitakachofuata ni mwigo, na hadhira huupokea kwa masharti hayo, sawasawa na wanaokwenda kutazama tamthilia. Tena mwigo huo hauelezi kitu. Unaonyesha ukanda wa nuru ukitambaa sakafuni, na kumwachia kila mtu kujiuliza: walijuaje? Walimjengea nani? Kwa nini siku hiyo? Maelezo yangetolewa kwanza, nuru ingekuwa kielelezo cha hotuba tu. Kwa kuwa nuru imetangulia, maelezo yanadaiwa na wasikilizaji wenyewe.

Nje kuna mtihani wa uaminifu. Ukuta mweupe wa mawe ya kwatzi unaopamba uso wa kaburi ulisimamishwa upya kufuatia uchimbaji wa 1962 hadi 1975, kwa jinsi O'Kelly alivyoisoma namna mawe yalivyokutwa yameanguka, na nyuma yake kuna zege. Wapo wanaakiolojia wanaokataa kwamba ukuta uliwahi kusimama wima namna hiyo. Msimulizi anayewaonyesha watu ukuta huo kuwa kazi ya miaka 5,000, bila neno zaidi, amevunja mapatano yaliyolindwa kule gizani. Anayesema ni nani aliyeupanga, lini na kwa hoja gani, hapotezi hata chembe ya ajabu ya mahali. Anaongeza mhusika mpya, yaani mtu wa juzi anayejaribu kumwelewa mtu wa kale, na mgeni hujiona kwenye nafasi ya mhusika huyo.

Bonde la Doolough, mkoani Mayo, ni kinyume cha Newgrange kwa kila hali. Hakuna mlango, tiketi wala taa. Kuna ziwa refu, milima mirefu pande zote, na msalaba wa jiwe kando ya barabara. Mwezi Machi 1849, mamia ya watu wenye njaa walitoka Louisburgh kwa miguu hadi Delphi kuwafuata maofisa waliokuwa na mamlaka juu ya chakula cha msaada. Walirudishwa mikono mitupu, na wengi wakafia njiani. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Ugumu wa kifani uko katika uzuri wa mahali: jicho linaitwa na mandhari wakati sikio linapewa msiba.

Kiongozi ana njia mbili. Akisimulia garini kabla ya kufika, abiria watashuka wakiwa wamekwisha kukabidhiwa huzuni, na bonde litageuka picha ya kuthibitisha maneno yake. Akinyamaza, akaegesha, akawaacha watembee bondeni penye uzuri wake wote, mmoja wao ataufikia msalaba, atausoma, na atarudi na swali: hawa walikuwa wanakwenda wapi? Hapo kisa kinaanza, na takwimu zinazojulikana, za watu wapatao milioni moja waliokufa kati ya 1845 na 1852 na wengine wapatao milioni moja waliohama, zinamfikia mtu aliyezitaka. Jirani, juu ya ghuba ya Killary, jua likiwa chini, matuta ya zamani ya viazi bado huonekana chini ya majani. Kiongozi hana haja ya kuongeza sifa yoyote. Inatosha kuonyesha kwa kidole na kungoja.

Katika simulizi la njaa ndipo pia nafsi ya msimulizi hubadilika. Asubuhi alisema "wao" alipotaja wajenzi wa makaburi. Sasa anasema "sisi". Badiliko hilo lina uzito, kwa maana garini mara nyingi yumo Mmarekani au Mwaustralia ambaye babu zake waliondoka kwa meli. Kupitia bandari ya Cobh peke yake, watu wapatao milioni 2.5 waliondoka kati ya 1848 na 1950. Msikilizaji huyo ana kipande cha kisa ambacho fanani hana. Kundi likiwa dogo na msimulizi akiwa mnyenyekevu, kipande hicho hutamkwa, na kwa dakika chache hadhira ndiyo inayosimulia.

Fani hii ina udhaifu wake, na majabali ya Moher yanauonyesha. Yana kimo cha mita 214 penye kilele chake, na karibu na hapo kuna mnara uliojengwa mwaka 1835 na Cornelius O'Brien, mwenye ardhi na mbunge, ili wageni wapate pa kutazamia. Yaani pa kusimama palichaguliwa karibu karne mbili zilizopita, na umati bado unasimama hapo. Ratiba ikitoa muda wa picha tu, kundi dogo halitofautiani na kundi kubwa, na swali pekee linalobaki ni la saa ya kuondoka.

Udhaifu mkubwa zaidi ni wa maudhui. Msuko wa magofu, msiba na uzuri humvuta msimulizi kuichora nchi iliyokwisha kukamilika. Ukijani unaosifiwa dirishani huonekana kuwa asili, ilhali ni matokeo ya karne za kukata miti na kulisha mifugo. Leo misitu imefunika takriban asilimia 12 tu ya ardhi, na sehemu kubwa ni miti ya kigeni iliyopandwa. Vinamasi vya kati ya nchi, ambako udongo mweusi ulikatwa, ukakaushwa na kuchomwa kama kuni, hupitwa kwa mwendo wa kasi, ingawa kampuni ya umma ya Bord na Móna ilitangaza mwaka 2021 kwamba imeacha uvunaji huo na inavirudishia maji. Katika vijiji vya Connemara, Kiayalandi huelezwa kama mabaki, huku kikizungumzwa dukani hatua chache kutoka lilipoegeshwa gari. Mambo haya yanaishi na yanabishaniwa, na ndiyo yanayozaa maswali mazuri kuliko gofu lolote.

Kwa hiyo viongozi hawa wanastahili kuhakikiwa kama wasanii. Tuwasifu kwa ukimya waliothubutu kuutunza, kwa mwigo waliokiri kuwa ni mwigo, na kwa kituo walichokiongeza kwa sababu mtu mmoja aliuliza. Tuwakosoe pale wanapotukabidhi nchi iliyokwisha kufasiriwa. Msafiri naye ana sehemu yake: asome kidogo kabla ya kuondoka, akubali kunyamaza garini, kisha aulize jambo ambalo halimo katika ratiba, hata kama jibu lake litakuwa "sijui, tuwaulize wenyeji". Ziara inayopata nafasi ya jibu hilo imefikia upeo wa fani yake, kwa kuwa imemtoa msikilizaji kwenye kiti chake na kumpeleka kwa watu wa nchi aliyokuja kuiona.