KIVUMISHI -EKUNDU NA MAKOSA YA WAFASIRI

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vyenye asili ya Kibantu vinavyopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine ama zimepewa majina ya vitu, kama kijani, kahawia na zambarau, ama zimekopwa, kama buluu. Wako wanaoiona hali hii kuwa ni umaskini wa lugha. Sivyo. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay, wataalamu wa Marekani, walieleza kwamba lugha yenye majina matatu ya msingi ya rangi, jina lake la tatu huwa ni la wekundu.

Neno lililobeba mzigo huo lazima liwe na eneo pana. Kamusi zetu hupenda kulieleza kwa mfano wa damu, kisha zikaishia hapo. Lakini mfugaji asemapo ng'ombe mwekundu hakusudii mnyama wa rangi ya damu; humkusudia yule ambaye Mwingereza angemwita wa kahawia. Kitunguu chekundu chakaribia zambarau. Udongo mwekundu huanzia rangi ya kutu hata rangi ya matofali. Nimepata kuona fomu ya mifugo iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, yenye nafasi moja ya “wekundu” na nyingine ya “wa kahawia”. Mzee mmoja mwenye ng'ombe sita aliwaandika sita huku na sita kule, na karani akajumlisha kumi na wawili. Kosa halikuwa la mzee.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo: kuleta wekundu pasipo na wekundu. Msalaba Mwekundu ni tafsiri njema, kwa kuwa alama yenyewe, iliyokubaliwa Geneva mwaka 1864, ni nyekundu machoni. Vivyo hivyo kadi nyekundu ya mwamuzi, iliyoanza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970. Lakini “utepe mwekundu” wamwambia nini mwananchi aliyezungushwa ofisini wiki tatu? Nyaraka zake hazikufungwa kwa utepe wowote. Huo ni urasimu, au, kwa lugha yake mwenyewe, njoo kesho. Na hesabu “iliyo katika wekundu” ni hesabu yenye upungufu.

Walimu nao wana shauri lao. Wanafunzi siku hizi huandika “gari la rangi nyekundu”, “milango ya rangi nyekundu”, ili wakwepe jekundu na myekundu. Kijani chahitaji msaada huo, -ekundu hakiuhitaji. Tukiuzoea ukwepaji huu, viambishi vitakufa vinywani mwa watoto, na vivumishi vitatu vitageuka kuwa majina kama mengine.

Limebaki suala la bahari iliyo kati ya Afrika na Bara Arabu. Wenyeji wa pwani na wafasiri wa Biblia waliiita Bahari ya Shamu. Magazeti na baadhi ya ramani husema Bahari Nyekundu. Mwanafunzi asomaye dini asubuhi na jiografia mchana aweza kudhani ni bahari mbili. Napendekeza Bahari ya Shamu iandikwe katika ramani zote za shule, na hilo jina la pili lielezwe mara moja katika faharasa.